Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kutunza na Kukarabati Majumba ya Kale ya Senema na Maonyesho, Unguja na Pemba

Ukurasa huu tumewaandikia wenye kushika funguo: viongozi wa klabu za taarab, walinzi wa majumba ya senema yaliyofungwa, walimu wakuu wa skuli zenye kumbi za zamani, na familia zilizorithi jengo na hazijui zianzie wapi. Msimamo wetu ni mmoja, na mtauona karibu katika kila jibu. Majumba haya hayafi kwa kukosa mradi mkubwa. Yanakufa kwa sababu hakuna aliyepanda juu ya paa kabla ya Masika.

Majumba gani hasa mnayazungumzia?

Yote yaliyojengwa, au yaliyotumika kwa miaka mingi, ili watu wakae pamoja wakitazama au kusikiliza. Mjini Unguja watu wazima bado wanayataja kwa majina: Royal, Majestic, Empire, Sultana, Cine Afrique. Wete na Chake Chake nako kulikuwa na senema. Tunaingiza pia kumbi za vikundi vya taarab (Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905), kumbi za jumuiya na za skuli, na majukwaa ya wazi kama lile la ndani ya Ngome Kongwe. Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi na Sauti za Busara zilijulikana dunia nzima kutokea hapo, ndani ya kuta zilizojengwa kwa ajili ya vita.

Kwa nini jumba la senema linaharibika haraka kuliko nyumba ya kawaida ya Mji Mkongwe?

Kwa sababu halikujengwa kama nyumba. Nyumba ya Mji Mkongwe ni kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na vyumba vyembamba. Wembamba huo umeamuliwa na boriti: mti wa mkoko hauvuki zaidi ya mita tatu hivi. Kila baada ya hatua chache kuna ukuta mwingine, kuta zinasaidiana, na sakafu ya juu inazifunga pamoja. Nyumba ya namna hiyo inaweza kutupwa miaka mingi na bado ikasimama.

Ukumbi wa maonyesho unataka nafasi kubwa isiyo na nguzo katikati, kila mtu aione skrini. Hapo boriti haziwezi kazi. Juu kunapandishwa kenchi za chuma au za mbao ndefu, na chini yake kuta ndefu zinasimama bila ukuta wa kati wa kuzishika. Kenchi zinabeba paa, na hapo hapo zinazizuia kuta hizo zisifunguke nje. Ncha moja ya kenchi ikioza pale inapolala ukutani, mmepoteza mkono ulioshika ukuta. Kwa hiyo tunawaomba sana: msikubali fundi akate chuma au mbao yoyote ya juu kwa sababu "haina kazi", na msiuze kenchi kuukuu kama chuma chakavu kabla mhandisi hajaiona.

Jambo la pili ni kufungwa. Nyumba yenye watu inapikiwa, inafagiwa, madirisha yanafunguliwa asubuhi. Ukumbi uliofungwa unakaa na unyevu wake, na tone linaloanguka kila mvua halina wa kuliona.

Tuna pesa kidogo sana. Tuanze wapi?

Juu. Paa kwanza, kisha mifereji ya paa, kisha mabomba ya kuteremshia maji, kisha njia ya maji chini, mpaka yafike mbali na msingi. Baada ya hapo ndiyo kuta, umeme, milango na madirisha. Rangi, viti na mapazia ni mwisho kabisa.

Tunajua ushauri huu hauwafurahishi wafadhili, kwa sababu hakuna anayepiga picha ya ufunguzi mbele ya mfereji wa bati. Lakini tumeona zaidi ya mara moja ukumbi ukipakwa rangi nzuri mwezi wa Februari, na Juni rangi yote imevimba na kudondoka kwa sababu bomba lililopasuka nyuma ya ukuta halikuguswa. Pesa ile ile ingetosha kuziba paa zima.

Kama hamwezi hata kuezeka upya, funikeni. Mabati ya kuazima, turubali zito lililofungwa vizuri, chochote kitakachozuia maji mpaka mpate uwezo. Majestic pale Vuga ni somo lililo wazi kwa kila mpita njia: paa la ukumbi wake liliharibika miaka mingi iliyopita, na tangu hapo jua na mvua vimekuwa vikiingia moja kwa moja katika sehemu ambazo mchora ramani hakuzikusudia kuona mvua hata siku moja.

Tukague lini, na tutazame nini?

Mara mbili kwa mwaka. Ukaguzi mkubwa ufanyike Februari, kabla ya Masika, na mdogo Septemba, kabla ya Vuli. Pemba msiuruke hata mmoja, kwa sababu mvua ya huko ni nyingi kuliko ya Unguja.

Pandeni na mfuko na brashi. Toeni majani, viota vya kunguru, mifuko ya plastiki na mchanga kwenye mifereji. Tazameni misumari ya mabati: kila msumari ulioshika kutu una tundu lake. Tazameni pale paa linapokutana na ukuta, maana hapo ndipo panapovuja zaidi kuliko katikati ya bati. Halafu teremkeni mkazime taa zote ndani ya ukumbi mchana. Popote utakapoona nukta ya mwanga juu, mvua nayo itapaona.

Siku ya mvua kubwa ya kwanza, mtu mmoja akae ndani ya jengo. Hiyo saa moja ya kutazama maji yanaingilia wapi ina thamani kuliko ripoti nyingi. Aweke alama ya chaki na tarehe kila mahali palipolowa. Ripoti zipo, na baadhi ni nzuri sana, lakini nyingi ziliandikwa wakati wa kiangazi.

Ukuta unatoa unga mweupe na lipu inaanguka. Fundi anasema tupige simenti. Tukubali?

Hapana, kama ukuta ni wa mawe na chokaa. Hili ndilo kosa linaloharibu majengo mengi ya Mji Mkongwe, tena hufanywa kwa nia njema.

Ukuta wa matumbawe unanyonya maji kutoka ardhini na kutoka hewani. Chokaa inayaruhusu maji hayo yatoke tena kama mvuke. Simenti ni ngumu na imeziba. Ukiipiga juu ya ukuta kama huo, maji yanabaki ndani na kupanda juu zaidi, mpaka yapate pa kutokea. Chumvi iliyomo ndani inakauka nyuma ya lipu, inavimba, inalitafuna jiwe. Baada ya miaka michache lipu ya simenti inaanguka kama kibao kizima, na imeng'oka na uso wa jiwe. Ule unga mweupe mnaouona ni chumvi hiyo.

Dawa yake ni kutafuta maji yanatoka wapi (mara nyingi ni bomba, choo, au udongo uliorundikwa nje ya ukuta), kuyakata, kubandua simenti taratibu kwa nyundo ndogo na tindo, kuuacha ukuta ukauke, kisha kupiga lipu ya chokaa. Kukauka kunaweza kuchukua kiangazi kizima. Msiharakishwe na mtu.

Rangi ya plastiki nayo inaziba vile vile. Juu ya chokaa pakwe chokaa.

Basi chokaa yenyewe itengenezwe vipi?

Mafundi wakongwe bado wapo, na tungependa vijana wajifunze kwao wakiwa hai. Mawe ya matumbawe yanachomwa kwenye tanuu la magogo, yanageuka chokaa kali, kisha inazimwa kwa maji. Inapozimwa inachemka kweli kweli, kwa hiyo vaeni miwani na glavu, na watoto wakae mbali. Tone moja la chokaa kali kwenye jicho linaweza kumpofua mtu.

Chokaa iliyozimwa iachwe shimoni au kwenye pipa, imefunikwa na maji juu, wiki kadhaa kwa uchache. Miezi ni bora zaidi. Inakuwa laini kama samli, na hiyo ndiyo ya kufanyia kazi. Kwa lipu, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga ni mwanzo mzuri. Fundi atarekebisha kwa kuutazama mchanga wenyewe. Mchanga wa pwani usitumike, una chumvi. Pigeni tabaka nyembamba, na kila tabaka lisubiriwe lishike.

Na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika: chokaa haigandi kama simenti. Inakuwa ngumu polepole kwa kuvuta hewa ya kaboni, na inahitaji unyevu kidogo wakati huo. Jua la Januari likiipiga siku ya kwanza, inapasuka na kuwa unga. Tundikeni magunia mabichi mbele ya ukuta na kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Mafundi wa zege wanaliona jambo hili kama kupoteza muda, kwa hiyo liandikeni kwenye mkataba.

Na kama jengo ni la zege la miaka ya 1950?

Basi mengi ya hapo juu hayahusu. Majestic ni mfano mzuri. Pale kwanza palikuwa na Royal, jengo la miaka ya mwanzo ya 1920 lililochorwa na J. H. Sinclair, yule yule wa Makumbusho ya Beit el-Amani. Royal iliungua, na mwaka 1955 likasimama jumba jipya la Majestic, lililochorwa na Dayalji Pitamber Sachania kwa mtindo wa Art Deco: mistari iliyonyooka, kona za mviringo, uso mpana wa kuvutia macho barabarani. Kwa jengo la namna hii, kulazimisha chokaa kila mahali ni kosa jingine.

Adui wa zege karibu na bahari ni kutu ya nondo. Hewa yenye chumvi inaingia polepole, nondo inashika kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege linapasuka kutoka ndani. Mtaona kwanza mstari wa rangi ya kahawia chini ya boriti la zege, kisha ufa unaofuata nondo, kisha kipande kinaanguka. Kulipaka simenti juu ni kuficha tu. Zege bovu libomolewe mpaka nyuma ya nondo, chuma kisafishwe mpaka king'ae, kipakwe dawa ya kuzuia kutu, na nondo iliyoliwa sana iongezewe nyingine kwa hesabu ya mhandisi, ndipo lijazwe upya.

Ufa upi ni wa kuogopa?

Ule unaoendelea. Ufa wa miaka hamsini uliotulia hauna haraka. Ufa mwembamba uliozaliwa mwaka huu una haraka sana.

Chukueni penseli. Pigeni mstari mdogo kuvuka mwisho wa ufa, juu na chini, na muandike tarehe. Bandikeni kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa plasta ya jasi pande zote mbili. Kioo kikipasuka, ukuta unatembea. Ufa ulio mpana juu na mwembamba chini kwenye ukuta wa ukumbi, hasa karibu na pale kenchi inapolala, ni wa kuita mhandisi wiki hiyo hiyo, na ukumbi usitumike mpaka aseme.

Hatusemi haya kuwatisha. Beit el-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilitoa ishara zake kwa miaka. Sehemu yake ilianguka 2012. Tarehe 25 Disemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, ikaporomoka sehemu kubwa zaidi pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha.

Boriti za ofisini na kwenye kumbi ndogo zimeoza. Tuzitoe zote?

Hapana. Mara nyingi boriti inaoza ncha tu, pale inapoingia ukutani, na katikati ni nzima kabisa. Igongeni kwa nyundo: nzima inalia, mbovu inatoa sauti ya pamba. Badilisheni zile mbovu moja moja, huku sakafu imewekewa miti ya kuishikilia. Mikoko haikatwi ovyo siku hizi, kwa hiyo nunueni kwa mwenye kibali na mdai karatasi.

Paa la zamani lina mabati mazito ya kijivu yasiyo ya chuma. Ni hatari?

Huenda ni asbesto, iliyotumika sana wakati ule. Likiwa zima na halijaguswa, hatari ni ndogo. Hatari ni kulivunja, kulikata au kulitoboa, kwa sababu vumbi lake likiingia mapafuni linaweza kuleta maradhi baada ya miaka mingi. Msimpe kijana nyundo alibomoe. Waulizeni watu wa mazingira kwanza.

Tujikinge vipi na moto?

Majumba ya maonyesho yana historia mbaya na moto kuliko karibu majengo yote ya umma. Royal yetu wenyewe iliungua. Kule Chicago, Disemba 1903, ukumbi wa Iroquois uliua watu zaidi ya 600 katika onyesho la mchana, wengi wao wanawake na watoto. Milango mingine ilikuwa imefungwa, mingine ilifunguka kwa ndani, na umati ukaisukuma isifunguke.

Kwetu jambo hili lina uzito wake, kwa sababu milango yetu ya kuchonga hufunguka kwa ndani na ina komeo zito. Msiigeuze na msiitoe. Wekeni utaratibu: kabla mtu wa kwanza hajaingia, mbao zote mbili zinafunguliwa na kufungwa ukutani kwa ndoana, na mtu mmoja anasimama hapo mpaka onyesho liishe. Milango ya pembeni ndiyo ifanywe ifunguke nje, na isiwekwe viti wala masanduku ya soda.

Umeme ukaguliwe kabla ya kuongeza taa hata moja ya jukwaani. Waya za miaka ya 1950 hazikukusudiwa kubeba spika na viyoyozi vya leo.

Wakati wa ukarabati ndipo pa kuangalia zaidi. La Fenice, jumba mashuhuri la opera la Venice, liliteketea Januari 1996 likiwa katikati ya ukarabati, na halikufunguliwa tena mpaka mwishoni mwa 2003. Asiyekuwa fundi asilale ndani, kuchomelea vyuma kusimame saa nzima kabla ya kufunga kazi, na ndoo za mchanga na mitungi ya kuzimia moto iwe juu kwenye jukwaa la mafundi, si getini tu.

Mkikuta makopo ya filamu za zamani kwenye chumba cha projekta, msiwashe kiberiti karibu yake wala kuyaacha juani. Filamu nyingi za kabla ya miaka ya 1950 zilitengenezwa kwa naitreti, ambayo ikishika moto inaendelea kuwaka hata chini ya maji.

Tunahitaji kibali?

Ndani ya Mji Mkongwe, ndiyo, hata kwa kubadilisha dirisha. Mji umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na mwenye dhamana ni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Nendeni mapema, na picha mkononi, kabla hamjanunua hata mfuko wa mchanga. Jengo likiwa la wakfu, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana lazima ihusishwe. Pemba, anzeni baraza la mji na wahusika wa makumbusho na mambo ya kale.

Turudishe jengo kama lilivyokuwa siku ya kwanza?

Siku ya kwanza ipi? Ukumbi uliojengwa zamani, ukaongezwa roshani baadaye, ukawekewa jukwaa la taarab baada ya Mapinduzi, una siku za kwanza tatu. Mkataba wa Venice wa 1964, ambao wahifadhi duniani wanaufuata, unasema ukarabati usimame pale kukisia kunapoanza, na kwamba michango ya kila zama iheshimiwe. Kwetu maana yake ni hii: kama mna picha ya pambo lililoanguka, lirudisheni. Kama hamna, wekeni kitu rahisi, kisafi, kinachoonekana kuwa cha leo. Msibuni upinde wa "Kiarabu" kwa ajili ya wageni katika jengo ambalo halikuwahi kuwa nao.

Si bora ligeuzwe maduka, angalau lipate mtunzaji?

Duka ni bora kuliko kifusi, tunakubali. Lakini duka linajengewa ghorofa katikati ya ukumbi, na ukumbi ukishakatwa haurudi. Mjini tumebaki na sehemu chache mno ambapo watu mia kadhaa wanaweza kukaa pamoja chini ya paa moja. Mama zetu walikuwa na maonyesho yao ya wanawake peke yao, na siku za Idi foleni ya senema ilikuwa sehemu ya sikukuu yenyewe. Jumba la namna hiyo linaweza kuishi kwa mchanganyiko: harusi, semina, mazoezi ya taarab, filamu za watoto Jumamosi, na maduka madogo mbele barabarani ambayo kodi yake inalipia paa. Kodi hiyo iwe na akaunti yake, na isiguswe kwa jambo jingine.

Popo wamejaa darini.

Subirini magharibi watoke, kisha zibeni matundu kwa wavu, mkiacha moja la kutokea kwa siku kadhaa. Msifanye hivyo wakiwa na watoto wachanga. Kinyesi kikavu kilowesheni kabla ya kufagia, na vaeni barakoa.

Sakafu ya terazo imefifia. Tutumie asidi ya choo?

Kamwe. Inakula vipande vya marumaru na haiponi. Maji, sabuni laini, na mashine ya kusugua kwa mkono wa fundi anayeijua.

Tukiweka kiyoyozi?

Fungueni kwanza matundu ya hewa ya asili. Majumba mengi ya zamani yalikuwa nayo na baadaye yakazibwa kwa tofali. Mkiona bado kuna joto, wekeni, lakini maji yake yapelekwe kwa bomba mpaka kwenye mfereji. Tumeona kuta nzuri zikioza kwa tone la kiyoyozi peke yake.

Nina picha za zamani za ndani ya senema. Zina faida yoyote?

Faida kubwa kuliko unavyofikiri, hata kama ni picha ya harusi na ukuta unaonekana nyuma ya bibi harusi tu. Kwa picha kama hiyo tunajua taa zilikaa wapi, viti vilipangwa vipi, pambo la jukwaa lilikuwa na umbo gani. Usiikate, usiibandue kwenye albamu kwa nguvu. Ipige skani au ipige picha kwa simu kwenye kivuli chenye mwanga mzuri, andika majina na mwaka kwa kadiri mnavyokumbuka nyumbani, na peleka nakala Nyaraka za Zanzibar, Kilimani. Picha yenyewe ibaki kwako. Tiketi, matangazo ya karatasi na vipande vya programu navyo vinatakiwa, hata vilivyoliwa na mende.